Mifuko tisa ya unga chumbani, na bado naogopa

Barua ya mwezi huu ililetwa kwa mkono, ndani ya bahasha iliyokwisha kutumika. Jina la mpokeaji wa kwanza limekatwa kwa kalamu na pembeni limeandikwa: "Kwa Mama wa Barua." Nimefupisha sehemu mbili na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha aliyeandika. Mengine ni maneno yake.

*Mama, jambo.*

*Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nina mke na watoto watano. Nina kenkayeri hapa Lubumbashi: nauza misumari, malata (mabati), rangi, simenti. Lupango (kiwanja) ni langu, nyumba ni yangu, sidaiwi na mtu. Natanguliza hayo ili ujue sikuandikii kuomba makuta.*

*Shida yangu ni hii. Kila usiku, kati ya saa nane na saa tisa, naamka. Hakuna kinachoniamsha. Nawasha tochi ya simu, naingia chumba cha nyuma, nahesabu. Kwanza mifuko ya unga: iko tisa, ya kilo 25. Halafu mafuta, chumvi, maharage. Halafu navuta kopo la Nido lililo nyuma ya ndoo ya rangi, nahesabu dola. Nikimaliza napata usingizi. Siku nyingine nafika mlangoni mwa chumba cha kulala, najiuliza kama noti mbili hazikushikana, narudi.*

*Nilipokuwa kijana nilijiambia, nikipata dola 1,000 nitatulia. Nilizipata. Nikasema 5,000. Nikasema, nikimaliza nyumba. Nyumba iliisha mwaka 2017, na Mama, siku ile ya kuhamia nililala vibaya kuliko siku zote, maana sasa kulikuwa na nyumba ya kupoteza. Mteja akinunua malata ya dola 300 sisikii kitu. Mtoto akivunja sahani sina raha mpaka jioni.*

*Chanzo nakijua. Baba yangu alikuwa akinunua samaki wakavu Kasenga na kuwauza kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Benki hakuiamini. Zaire zake, pesa za wakati ule, alizipanga ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Alikuwa anatafuta kununua lori kuukuu. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 12. Pesa zilipobadilishwa, sanduku zima halikununua lori wala gurudumu la lori. Noti alitupatia sisi watoto, tukazichezea duka, tukiuziana udongo. Yeye alichukua kiti akakaa nje, mlangoni. Alikaa pale miaka mitatu. Mama alitulisha kwa kuuza makala (mkaa) ya mafungu, tukala mara moja kwa siku, jioni. Watu wakipita walimsalimu baba, halafu wakishampita walishusha sauti. Alikufa 1996. Mpaka leo sitaki kuona kiti kimewekwa nje ya nyumba yangu. Watoto wanajua.*

*Nikajifunza kwamba zaire ni majani, dola ni dola. Mwezi wa tatu mwaka huu nilifungua kopo mchana ili nilipe mzigo wa simenti, nikakuta unyevu umeingia. Noti zimeota madoa, nyingine zimegandana. Kambisti (mbadilisha pesa) wa kwanza alizikataa. Wa pili alizitaka kwa nusu ya bei. Ni dola 1,400. Tangu siku hiyo sihesabu mara moja kwa usiku, nahesabu mara tatu.*

*Wiki iliyopita binti yangu wa pili alifukuzwa shule kwa ajili ya minervali, ada ya shule. Hizo pesa zilikuwa mfukoni mwangu, Mama. Mfukoni. Nikamwambia, "Ngoja kwanza." Aliniangalia tu, hakulia. Mke wangu anasema tunaishi kimasikini ili tusiwe masikini.*

*Niambie: mimi ni mtu wa busara au mimi ni mgonjwa?*

*Mwenye kenkayeri*

Chini kabisa ya karatasi, kwa penseli na kwa mwandiko mwingine:

*Mama, amenipa barua niilete, nami nimeisoma. Amesahau jino langu. Linauma tangu mwezi wa tano mwaka jana. Anasema ling'olewe, kuliziba ni bei. Mimi nataka kubaki nalo.*

Mama anajibu

Nianze na wewe wa penseli, maana jino halisubiri maelezo marefu. Mama, nenda kwa daktari wa meno wiki hii, kabla hata mume wako hajamaliza kusoma ukurasa huu. Jino lililouma karibu mwaka mzima linaweza kuwa limefika kwenye mzizi, na usaha wa jino hautulii mahali pamoja. Huenda bado linaweza kuzibwa, huenda limechelewa. Daktari ndiye atakayesema, si kopo la Nido. Na asante kwa penseli. Bila wewe ningejibu barua ya mtu mwenye shida ya usingizi.

Sasa wewe, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa sababu ulipokuwa na miaka 12 mimi nilikuwa na 29, muuguzi katika mji huu huu, na mwaka wako wa 1993 ni mwaka wangu pia. Sitakuambia hofu yako ni ya kijinga. Anayekuambia hivyo hakuwa hapa, au alikuwa hapa akiwa na mjomba Ubelgiji.

Vijana wanaosoma gazeti hili wanadhani tunatia chumvi, kwa hiyo nitaweka hesabu mezani. Mwezi wa kumi mwaka 1993 ililetwa zaire mpya, na zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Miaka haikufika mitano, mwezi wa sita 1998, ikaja franga ya Kongo, na franga moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zidisha. Franga moja ya 1998 ni zaire za zamani bilioni 300, yaani tatu na sufuri kumi na moja nyuma yake. Niliwahi kuziandika ubaoni mbele ya wanafunzi wa uuguzi. Mmoja aliniuliza kama nimekosea, nikamwambia aliyekosea si mimi.

Siku ya mshahara, sisi wauguzi hatukupitia nyumbani. Tulitoka kazini na noti ndani ya mfuko wa nailoni, moja kwa moja sokoni, kununua chochote kisichooza kabla bei ya jioni haijafika. Wengine walinunua chumvi. Wengine vitenge. Mimi nilinunua sabuni. Nitairudia hiyo sabuni.

Na kabla ya hapo kulikuwa na uporaji wa mwaka 1991, na baada yake mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka kwa mpango ulioitwa départ volontaire, yaani kuondoka kwa hiari. Mji huu ulilelewa kwa poso: unga unapimwa, shule iko, hospitali iko, baba anatoka asubuhi king'ora kikilia. Watu waliozoea kupimiwa unga ndio wanaojua vizuri siku ambayo mpimaji hakuja. Nusu ya barua ninazopata kuhusu pesa zinaandikwa na watoto wa nyumba hizo, na wengi wao leo wana magari.

Kwa hiyo busara unayo. Uliipata kwa bei kubwa. Swali ni kama bado unaiongoza wewe au inakuongoza yenyewe.

Ngoja nikusimulie mambo mawili kutoka mbali, halafu tutarudi nyumbani kwako.

La kwanza. Mwishoni mwa 1944, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti aitwaye Ancel Keys aliwachukua vijana 36, wazima wa mwili, waliojitolea wenyewe. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao. Kwa karibu miezi sita walipewa takriban nusu ya chakula chao cha kawaida, ili ijulikane jinsi ya kuwasaidia watu wenye njaa vita ikiisha. Kukonda kulitarajiwa. Kilichowashangaza wengi ni akili zao. Waliwaza chakula mchana kutwa, wakakiota usiku, wakasoma vitabu vya mapishi kama watu wengine wanavyosoma hadithi za mapenzi, na wengine wakaanza kukusanya vitu hovyo visivyo na kazi. Halafu chakula kikarudi. Wengine walikula mpaka wakaugua, na bado walisema wana njaa. Tumbo limejaa, njaa imehamia chumba kingine. Ukiwaza chumba chako cha nyuma, na tochi yako, utanielewa.

La pili ni la juzijuzi. Mwaka 2013 watafiti wanne walichapisha kazi yao juu ya wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, kusini mwa India. Mkulima wa miwa hupata pesa kwa mkupuo baada ya mavuno. Miezi ya mwisho kabla ya hapo hukopa na kuweka vitu rehani. Waliwapima watu wale wale mara mbili kwa mafumbo ya akili, kabla ya mavuno na baada yake. Mtu yule yule alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Si kwamba alikuwa mjinga mwezi wa kwanza akaerevuka mwezi wa nne. Sehemu ya akili yake ilikuwa imeshikwa na deni, na kilichobaki hakikutosha kwa mafumbo.

Wewe, mwanangu, umeshavuna. Una malata, una simenti, una lupango lisilodaiwa. Lakini akili yako bado iko kabla ya mavuno. Ndiyo maana mtu mwenye minervali mfukoni anaweza kumwambia mtoto "ngoja kwanza." Hukufanya hesabu pale. Mwenye kufanya hesabu angejua kwamba mtoto akikosa wiki ya masomo, minervali ile ile italipwa na wiki imeshapotea. Ulikamata mfuko tu, kama mtu anavyokamata nguzo basi likikata kona.

Kuhusu sahani na malata ya dola 300, hapo huko peke yako duniani. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, na vipimo vilivyofuata vilionyesha uzito huo ni karibu mara mbili. Kwa hiyo kila mtu ana mzani uliopinda kidogo. Wako ulipindishwa zaidi na sanduku la bati.

Sasa usiku. Naomba usome hapa polepole, maana ndipo ugonjwa unapojilisha. Unaamka na hofu. Unahesabu. Hofu inashuka. Mwili wako unaandika: kuhesabu kumetuokoa. Kesho hofu inarudi kudai dawa yake, na kwa kuwa imezoea, inataka zaidi. Ndiyo hizo mara tatu. Dola 1,000 ziligeuka 5,000 kwa njia hiyo hiyo. Unafikiri unafukuzia kiasi, kumbe kiasi kinasogea kwa miguu yako mwenyewe. Ukifika 50,000 utaniandikia barua hii hii, labda kwenye bahasha mpya.

Hivyo sitakuambia tafuta pesa zaidi, na sitakuambia pesa si kitu. Ni kitu. Nitakuambia ufanye mambo kadhaa, na baadhi utayachukia.

Unga kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Nyumba ya watu saba inakula bukari (ugali) wa karibu kilo mbili na nusu hadi tatu za unga kwa siku. Mifuko tisa ni kilo 225, yaani siku themanini hivi. Kwa joto la chumba kilichofungwa, pamoja na rangi na ndoo, wadudu watakula kabla yenu. Nina hakika mama wa penseli ameshachekecha unga wenye wadudu akanyamaza. Baki na mifuko mitatu. Najua unga hupanda bei hapa kwetu mara tu mambo yanapokwama upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mtu mwenye mifuko mitatu atacheka wakati jirani analia. Mitatu inatosha kucheka. Mfuko mpya unaingia nyuma, wa zamani unatoka mbele. Sita iliyobaki msile yote ninyi. Mama yako kama yu hai, mmoja ni wake, na usimpimie kwa meka, kile kipimo cha sokoni.

Kopo sasa. Hapa nataka kukuonyesha kitu ambacho huenda hujakiona kwa miaka thelathini. Baba yako hakukosea kuweka akiba. Alichokosea ni kuweka maisha yote ndani ya sanduku moja. Wewe ukasema umejifunza, ukabadilisha zaire ukaweka dola. Lakini sanduku hukulibadilisha. Bado ni bati, bado liko gizani, bado mwenye kulijua ni mtu mmoja. Unyevu haukusoma kwamba ni dola.

(Kwa pembeni tu, maana limenikera: Marekani yenyewe husema kila noti iliyotolewa tangu 1861 bado ni halali. Kukataa noti kwa sababu ya doa au mchaniko wa ukucha ni sheria yetu ya sokoni. Zile 1,400 usizitupe wala usikubali nusu ya bei kwa hasira ya siku moja. Zikaushe kivulini, usizipige pasi, uzitenganishe taratibu, zilizo nzima uzitoe kwanza. Ulizia pia benki wanakata kiasi gani. Kambisti siye mtu pekee wa kuuliza. Hasara itakuwepo. Ikubali mara moja, uiandike, uifunge.)

Kaa na mke wako mchana, mlango umefungwa, kopo likiwa mezani. Hesabuni pamoja. Halafu andikeni nambari moja tu: nyumba yenu inatumia kiasi gani kwa mwezi, pamoja na shule, dawa na makala? Zidisheni kwa tatu. Hiyo ndiyo akiba ya hofu, na inakaa nyumbani, mahali pakavu, sehemu yake kwa franga. Inayozidi isikae pamoja. Nyingine iwe mzigo dukani, maana msumari hauozi na wewe unaujua bei yake kuliko mimi. Nyingine kwenye simu au benki. Hata kama hupendi, weka kidogo unachoweza kukivumilia. Nyingine kwenye likelemba (upatu) ya watu unaowajua kwa miaka, si ya watu waliokuongeza kwenye kundi la WhatsApp jana. Wale wanaoahidi kuzidisha makuta mara mbili kwa mwezi wanaishi kwa hofu kama yako. Kinshasa mwaka 1991 watu walipanga foleni kwenye Bindo Promotion kwa sababu hiyo, na ilipoanguka iliwaacha wengi mikono mitupu. Hofu ya umaskini ina milango miwili: mmoja unahesabu usiku, mwingine unacheza kamari mchana. Nimewahi kuona mtu akitoka kwa mmoja na kuingia kwa mwingine.

Kwa nini mke wako awepo? Sio kwa ajili ya adabu. Siri ndiyo inayokuamsha. Kitu kinachojulikana na mtu mmoja kinamhitaji mtu huyo awe macho. Najua wanaume wa hapa mtaniambia kwamba mwanamke akijua kiasi, familia yake yote itajua Jumapili. Huyu amesoma barua yako, akaiongezea mistari minne, na katika mistari yote hiyo hakuomba kitu ila jino lake. Angekuwa wa kukimbilia kopo angeshalikimbilia. Nani anayedeki kile chumba?

Usiku ukiamka, angalia saa, na usiende. Kaa kitandani dakika kumi. Moyo utapiga, utaona mwizi, moto, panya, utaona noti zinaota ukungu. Hofu itapanda, itafika juu, halafu itashuka yenyewe. Wewe hujawahi kuiona ikishuka, maana kila mara unaikimbilia na tochi kabla. Wiki ya pili ngoja dakika ishirini. Wiki ya tatu nusu saa. Kuhesabu kwenyewe kuhamie Jumamosi saa nne asubuhi, mara moja, mkiwa wawili. Utashindwa usiku fulani, utajikuta chumba cha nyuma umeshashika kopo. Rudi ukalale, usijitukane. Kesho unaanza kwenye dakika zile zile.

Binti yako. Nenda shuleni mwenyewe, usimtume na bahasha. Ukishalipa, mwambie ukweli, kwa maneno machache: "Pesa nilikuwa nazo. Niliogopa." Watoto wanajua tayari, mwanangu. Alikuangalia hakulia kwa sababu alijua. Ukimwambia hukuwa nazo atajifunza kwamba baba ni masikini. Ukinyamaza atajifunza kwamba yeye hana thamani ya minervali. Ukimwambia uliogopa, atajifunza neno la kitu ambacho labda na yeye ameshaanza kukisikia tumboni.

Nimeacha kiti mpaka sasa.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu unga na dola, lakini njaa umeitaja kwa sentensi moja, "tukala mara moja kwa siku," na ukapita. Kiti umekipa sentensi tano. Wapita njia walioshusha sauti umewakumbuka kwa miaka thelathini na kitu. Nafikiri unachoogopa si kula mara moja kwa siku. Ulikula hivyo ukiwa mtoto na uko hapa, una bega la kubeba simenti. Unachoogopa ni kuwa mtu anayesalimiwa halafu watu wanashusha sauti. Mji wetu una neno lake, mulofwa, yaani mtu asiye na kazi, na wanaume wa umri wa baba yako waliliogopa kuliko malaria. Kiswahili chenyewe hakitusaidii: mtu akianguka barabarani tunasema "masikini!" kwa huruma, na neno hilo hilo kesho yake ni tusi sokoni.

Mifuko tisa haiwezi kukukinga na kiti. Ndiyo maana haikutoshi.

Baba yako alikaa pale akiwa amevunjika, na sidhani kama kulikuwa na mtu wa kumwambia kwamba huo nao ni ugonjwa. Mtu aliyepoteza kazi ya miaka yote, halali, haongei, hatoki kwenye kiti miaka mitatu. Leo ningeandika kitu kwenye kadi yake. Wakati ule tulisema tu "anawaza." Huenda ulimkasirikia. Mtoto wa miaka 12 anayemwona mama anapanga mafungu ya makala na baba amekaa, hukasirika, halafu baba hufa, na hasira hukosa pa kwenda.

Kwa hiyo Jumapili moja, kabla ya mwezi huu kwisha, toa kiti nje. Kiweke mlangoni. Kaa. Usishike simu, usiuze kitu, usisimamie mtu. Nusu saa. Utajisikia vibaya kuliko usiku wa kopo. Watu watapita, watakusalimu, na utatega sikio kusikia kama wanashusha sauti. Kaa tu. Ukiweza, mwite binti yako wa pili akae kwenye kigoda karibu nawe, umsimulie sanduku la bati, lori ambalo halikununuliwa, na jinsi mlivyouziana udongo kwa noti za kweli. Atacheka hapo kwenye udongo, mwache acheke. Saa ikifika, ingia ndani ule. Jumatatu unalo duka la kufungua, baba yako hakuwa nalo.

Ukijaribu haya kwa miezi miwili na bado hulali, au ukisikia kifua kinabana, au ukaanza kuwaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, usiniandikie mimi. Nenda uonane na mtu ana kwa ana. Mjini kwetu kuna kituo cha Joseph Guislain, na chuo kikuu chetu kina fakilte (kitivo) ya saikolojia. Kwenda huko hakumaanishi una wazimu, kama vile kwenda kwa fundi hakumaanishi nyumba imeanguka.

Nilisema nitarudi kwenye sabuni. Nyumbani kwangu, kwenye kabati la juu, nina vipande vya sabuni ambavyo nyumba ya watu wawili haiwezi kuvimaliza kwa miaka. Siku bei ya chochote ikipanda, miguu yangu inanipeleka kununua vingine kabla sijajua. Mume wangu alishaacha kuuliza. Kwa hiyo tutafanya pamoja. Niandikie mwezi wa nane: mifuko imebaki mingapi, usiku ngapi ulibaki kitandani, ulikaa kwenye kiti Jumapili ngapi, na mama wa penseli aandike mwenyewe kuhusu jino. Tumia bahasha mpya. Mimi nitakuambia sabuni zimebaki ngapi. Leo asubuhi zilikuwa 31.